Bustani ya maua nyumbani kwa wakazi wa pwani: uanzie wapi na uitunze vipi

Kila masika yakikaribia, majirani huniletea maswali yale yale. Waridi nililonunua barabarani limekufa ndani ya wiki tatu, nimekosea wapi? Bugenvilia yangu imejaa majani, mbona haitoi maua? Kwa nini majani yanaungua pembeni ilhali namwagilia kila siku? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, nimesimama getini kwa mtu, mche mkononi. Sasa nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Nakuandikia wewe unayeanza, mwenye uwanja wa kawaida Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani: mchanga mwingi, joto, na mara nyingi maji ya kisima. Ukiwa Arusha au Limuru, usiku wa baridi hubadilisha mambo mengi, hasa kwa waridi.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kununua ua kwanza, kisha kutafuta pa kulipanda. Anza kwa kuyafahamu maji yako, jua linalopiga kwako na udongo wako. Kitaluni uende mwisho.

Vitu vya kuwa navyo

- Jembe, na kijembe kidogo cha mkono au panga kuukuu.
- Ndoo ya lita 20 na kopo la kumwagilia lenye matundu. Kama huna kopo, chukua dumu la lita 5 na utoboe mfuniko wake kwa msumari wa moto.
- Mkasi wa kupogolea wenye makali. Mkasi butu huponda shina, na jeraha lililopondwa huoza upesi.
- Samadi iliyooza au mboji, ndoo moja kwa kila mita ya mraba. Kwenye mchanga mtupu, weka ndoo mbili.
- Matandazo: majani makavu, pumba za mpunga, au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa.
- Vijiti, kamba, daftari na glavu nene.

Mbolea ya dukani, dawa za wadudu na vyungu vya mapambo havihitajiki siku ya kwanza. Hela hiyo weka kwenye samadi.

Hatua ya 1: Pima maji yako

Nimeanza na maji kwa sababu ndiyo yaliyoniumiza mwenyewe. Nilipanda waridi nne mbele ya baraza na kuzimwagilia maji ya kisima kila jioni kwa bidii. Majani yalianza kuwa ya kahawia pembeni. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Kumbe nilikuwa naongeza chumvi. Zote nne zilikufa.

Mimina maji ya kisima kwenye sahani nyeusi, uiache juani mpaka ikauke. Ikibaki na utando mzito mweupe, maji yako yana chumvi nyingi. Onja pia tone moja kwenye ulimi. Kama ni ya magadi au chumvi dhahiri, sahau waridi kwa sasa, labda uwe na maji mengine ya kulimwagilia.

Maji hayo mengine yanaweza kuwa ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 800 kwa siku moja. Hata ukivuna nusu yake kwenye mapipa, mimea michache inayoogopa chumvi itatosheka kwa wiki kadhaa. Funika mapipa hayo vizuri. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye maji safi yaliyotuama majumbani, vikiwemo visahani vya chini ya vyungu. Visahani hivyo vimwage na kuvisugua kila wiki bila kukosa.

Hatua ya 2: Fuatilia jua siku nzima

Chagua siku isiyo na mawingu. Nenda uwanjani saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, uchomeke vijiti penye mpaka wa kivuli. Andika daftarini. Mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku pafaa bugenvilia, adeniamu, zinia na vinka. Panapopata jua la asubuhi tu ndipo penye raha kuliko pote, kwa sababu mimea mingi laini hulipenda. Upande wa magharibi, penye ukuta wa saruji unaofyonza joto la alasiri, ni mgumu. Hapo weka mimea sugu peke yake.

Kuna jambo moja huwakwaza wengi. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi Desemba hupita upande wa kusini. Kipande kilicho nyuma ya nyumba upande wa kusini, ulichokiona cha kivuli wakati wa kipupwe, Desemba kitapigwa na jua. Ukipanda mimea ya kivuli hapo mwezi Juni, utaizika Januari. Basi ukishamaliza vijiti vyako, jiulize na nusu ya pili ya mwaka itakuwaje.

Hatua ya 3: Pima udongo

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, yaachie yazame, kisha ulijaze tena. Yakitoweka kwa dakika chache, una udongo wa kichanga: unahitaji samadi nyingi na matandazo. Yakikaa saa nyingi, una udongo wa mfinyanzi, kama ilivyo mabondeni. Hapo inua tuta sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, la sivyo masika yataozesha mizizi.

Ukiwa juu ya mawe ya matumbawe, kama Mombasa kisiwani au mashariki ya Unguja, ujue udongo wako una chokaa nyingi. Iksora, haibiskasi na gadenia hushindwa kufyonza madini ya chuma kwenye udongo huo. Hali ni hiyo hiyo karibu na msingi wa nyumba mpya, mafundi walipofukia mabaki ya saruji. Chimba uyatoe, au panda hatua kadhaa mbali na ukuta.

Hatua ya 4: Chora ramani, na uanze padogo

Tuta moja la mita 1 kwa mita 3 linatosha mwaka wa kwanza. Nasema hivi nikijua hutapenda. Mtu anayeanza na uwanja mzima hupalilia mwezi mmoja, wa pili anachoka, wa tatu magugu yanachukua nafasi.

Kwenye ramani onyesha bomba, karo, njia ya watu, na dirisha la chumba cha kulala. Mimea mikubwa iwe mbali na karo na mabomba, kwa sababu mizizi hufuata unyevu. Mirefu iwe nyuma, mifupi mbele, na uache upana wa tuta unaoweza kuufikia kwa mkono bila kukanyaga udongo.

Nafasi kati ya mche na mche: bugenvilia mita 1.5 au zaidi, haibiskasi mita 1, vinka na zinia sentimita 25 hadi 30. Siku ya kupanda utaona pengo kubwa, na vidole vitakuwasha kuongeza. Usiongeze. Miche iliyobanana haipiti hewa, na ukungu unaanza hapo.

Dirisha nimelitaja kwa sababu ya harufu. Bustani ya pwani bila ua la kunukia naiona pungufu. Asumini hufunguka jioni. Bibi yangu alikuwa akichuma matumba yake baada ya alasiri yakiwa bado yamefumba, na kufikia isha nyumba nzima inanukia. Kwa hiyo asumini ipande karibu na dirisha hilo au na baraza unapokaa jioni. Ukipata na mrehani wa kuweka jirani yake, una karibu kila kitu cha kutungia kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia. Mlangilangi nao unanukia sana, lakini ni mti unaoweza kupita mita 10. Hauna nafasi kwenye uwanja mdogo.

Hatua ya 5: Chagua mimea

Sasa ndipo uende kitaluni, daftari mkononi.

Kama maji yako yana chumvi, au upo karibu na bahari: bugenvilia, portulaka, adeniamu, na vinka ikiwa chumvi si kali mno.

Kama maji ni mazuri na jua lipo: ongeza haibiskasi, iksora, asumini, alamanda, na zinia au marigodi za mbegu. Zinia nazisifu kwa anayeanza: mbegu ni rahisi kupata, na kwa wiki 8 hadi 10 tayari unakata maua ya kuweka mezani.

Waridi liache mpaka mwaka wa pili. Waridi za kibiashara zinalimwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kwenye nyanda za Arusha, kwa sababu ya baridi ya usiku. Huku kwetu linaweza kuishi na likachanua, ila linataka maji matamu, jua la asubuhi na jicho la kila siku.

Tahadhari kwa wenye watoto wadogo na mbuzi. Oleanda ni sumu tangu jani hadi ua, na hata moshi wa kuni zake una madhara. Utomvu wa adeniamu umetumika tangu zamani kupaka mishale ya kuwindia. Vinka nayo haitafunwi. Utomvu mweupe wa jamii ya mnyaa unachoma macho. Oleanda mimi siipandi kabisa, ingawa inastahimili chumvi kuliko karibu yote niliyoitaja.

Hatua ya 6: Andaa tuta wiki mbili kabla

Lima kina cha sentimita 30. Ng'oa mizizi ya ndago na sangari moja moja kwa mkono, kwa sababu kila kipande kinachobaki kinachipua. Tandaza samadi, changanya na udongo, mwagilia, uache ipoe wiki mbili.

Samadi iwe imeoza kweli: nyeusi, inavunjika mkononi, haina joto wala harufu kali. Ya kuku ndiyo kali zaidi, ilaze miezi 2 hadi 3 kwanza. Wanaoweka samadi mbichi huona mche unanawiri siku mbili, kisha unakauka kama umemwagiwa maji ya moto.

Wakati mzuri wa kuandaa ni mwishoni mwa Februari, ili upande mvua za masika zikianza Machi. Ukichelewa, ngoja vuli ya Oktoba hadi Desemba. Bugenvilia na adeniamu zinaweza kupandwa hata kipupwe ukiwa na maji.

Hatua ya 7: Zoesha miche kabla ya kuipanda

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo jibu la waridi lililokufa kwa wiki tatu. Miche ya kando ya barabara mara nyingi imekuzwa chini ya mti au wavu wa kivuli, inamwagiliwa mara mbili kwa siku. Unaileta kwako, unaipanda saa 5 asubuhi katikati ya mchanga wa moto, unaimwagilia maji ya chumvi. Itaishije?

Siku 3 za kwanza iweke kivulini ikiwa bado kwenye kifuko chake. Siku 3 zinazofuata ipe jua la asubuhi, ukiirudisha kivulini saa 4. Kisha ongeza saa moja au mbili kila siku. Baada ya siku 10 itakuwa imezoea.

Ukiwa unanunua, geuza kifuko uangalie chini. Mizizi inayozunguka kama kamba maana yake mche umekaa humo muda mrefu. Geuza na majani. Ukikuta vijidudu vyeupe kama pamba, acha huo mche hata ukipewa bure. Na usivutwe na mche uliojaa maua: wenye matumba machache na matawi mengi ya chini ndio utakaokaa.

Hatua ya 8: Panda jioni

1. Mwagilia mche saa moja kabla.
2. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kifuko, kina sawa na kifuko.
3. Chana kifuko kwa wembe, usivute shina. Bugenvilia haipendi mizizi yake kuguswa, hivyo shika donge la udongo kama unavyoshika yai.
4. Weka mche shimoni, usawa wa udongo ubaki pale pale ulipokuwa kwenye kifuko. Ukifukia shina juu ya hapo, litaoza.
5. Rudishia udongo, kandamiza kwa vidole, mwaga maji lita 3 hadi 5 taratibu.
6. Tandaza matandazo unene wa sentimita 5, ukiacha duara la upana wa kiganja kuzunguka shina. Matandazo makavu yanayogusa shina huita mchwa.

Ukitaka kuzidisha mimea bila kununua, kata vipandikizi vya bugenvilia wakati wa masika: unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, chomeka theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Subiri wiki 6 hadi 8. Kikichipua majani usikivute kuangalia mizizi, kwa sababu majani hutangulia na kuvuta kunakiua. Kipandikizi cha franjipani kianike kivulini wiki nzima mpaka jeraha likauke, ndipo ukichomeke.

Hatua ya 9: Mwagilia kwa hesabu

Mwagilia kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Jioni inakubalika kama unamwaga chini bila kulowesha majani.

Mche mchanga upe maji kila siku wiki 2 za mwanzo. Baada ya hapo, kwa tuta la kichanga wakati wa kiangazi, lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya siku moja ni kianzio kizuri. Kabla ya kumwaga, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha hadi kesho. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku kunalowesha juu tu, mizizi inabaki juu juu, na siku ukisafiri mimea yote inalala.

Hatua ya 10: Lisha na pogoa

Kila miezi 3 ongeza ndoo ya mboji juu ya tuta. Ukitaka mbolea ya dukani, NPK 17:17:17 kijiko kimoja cha chai kwa mmea wa kawaida kila wiki 6 inatosha, kwenye udongo uliolowa, sentimita 15 kutoka kwenye shina. Yurea iache shambani kwenye mahindi. Kwenye maua huleta majani manene na matumba machache.

Ondoa maua yaliyonyauka ya zinia na waridi kila siku mbili tatu, mmea utoe mengine. Asumini na bugenvilia zipogoe baada ya wimbi la maua kuisha, ukipunguza theluthi moja. Zote mbili huchanua kwenye machipukizi mapya. Ukizipogoa zikiwa na matumba, umejinyima.

Mambo yakienda kombo

*Majani yanaungua pembeni, kahawia.* Ni chumvi, au mbolea iliyozidi. Acha mbolea, mwaga maji matamu mengi kwa mara moja ili yasukume chumvi chini, rudia baada ya wiki. Mvua za masika husaidia sana hapa.

*Majani machanga ni ya njano, mishipa imebaki kijani.* Mmea umekosa chuma, na chanzo huwa chokaa au saruji. Ongeza mboji nyingi. Duka la pembejeo lina mbolea ya chuma ya kunyunyizia. Kama ni majani ya chini, makuukuu, yanayokuwa njano yote, hiyo ni njaa ya naitrojeni au maji yamezidi.

*Majani yananata, sisimizi wanapanda na kushuka.* Kuna vidukari au vidung'ata, na sisimizi wanafuata utamu wao. Waoshe kwa maji ya nguvu, chini ya majani hasa. Wakirudi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja, upulize jioni. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku mbili. Sabuni ya unga usitumie, inaunguza. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, ukayachuja, nayo husaidia, mradi urudie kila wiki.

*Vidoti vidogo na utando kama wa buibui.* Ni utitiri, hupenda kiangazi na vumbi. Osha majani kila asubuhi kwa wiki moja.

*Unga mweupe juu ya majani.* Ni ubwiri unga. Kata yaliyoathirika, punguza matawi yaliyobanana, usiloweshe majani jioni.

*Mmea unanyauka na udongo umelowa.* Angalia tena baada ya jua kuzama. Ukiwa umesimama, ilikuwa joto la mchana tu, hauhitaji kitu. Ukiwa bado umelala, mizizi inaoza. Acha kumwagilia, sogeza matandazo, chimba mfereji wa kutoa maji. Mimea mingi ya namna hii haiponi, kwa hiyo kata vipandikizi mapema.

*Bugenvilia haitoi maua.* Jua kwanza: chini ya saa 6 kwa siku, sahau. Kama jua lipo, basi umeibembeleza mno. Sehemu yenye rangi unayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati. Mmea hutoa majani hayo ya rangi kwa wingi unapohisi ukavu. Acha mbolea kabisa miezi 2, mwagilia tu majani yanapoanza kulegea, na uanze zoezi hili mvua zikikatika, Juni hivi. Ukiona rangi inatokeza kwenye ncha za matawi, rudi kumwagilia kwa kawaida siku hiyo hiyo, kwa sababu ukiendelea kuinyima maji maua yatadondoka kabla hayajafunguka.